Gari la Arobaini

Haralambie Tudose, ambaye mji mzima wa Poiana Mierlei ulimwita Lambe, alikuwa amesimamia ndoa ishirini na sita, na katika hizo zote hakuna bibi harusi aliyetoka kanisani akapanda gari lisilo Cerna, aina ya magari aliyoiuza yeye. Jambo hilo Lambe alilishikilia kwa ukali kuliko padri alivyoshikilia sala zake. Kwa desturi ya kule, karamu ikishapamba moto marafiki wa bwana harusi humwiba bibi harusi, humpakia garini na kutokomea naye, mpaka msimamizi atoe chupa kadhaa za pombe za kumkombolea. Mwaka mmoja vijana wakamwiba bibi harusi kwa gari la Kijerumani. Lambe aliletewa habari akiwa na paja la kuku mkononi. Akasema hamkomboi mtu aliyekaa ndani ya dude lile. Wamrudishe, wamwibe upya. Wakamrudisha mtoto wa watu, shela limejaa vumbi, wakamhamishia kwenye Cerna ya mjomba wake, wakamwiba mara ya pili, na hapo ndipo chupa zilipotoka. Watu walicheka mpaka wakakaukiwa sauti, na mwezi uliofuata baba wa bibi harusi akaja kununua kwenye yadi ya magari alikouzia Lambe.

Ndivyo mambo yalivyokwenda kwa miaka. Ukisimamiwa na Lambe na mkewe Veta umepata baba na mama wa pili, wa kukubatizia watoto, wa kukutetea mbele ya wakwe, wa kukukaripia ukikosea. Nawe kama una haya usoni, gari unanunua kwake. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, lakini aliyeivunja alikuwa akipita mbele ya nyumba ya Lambe ameinama, kana kwamba kuna kitu kimemwangukia chini ya usukani.

Yadi yenyewe haikuwa ya Lambe. Ilikuwa ya Costache Grigoraș, kaka wa Veta, mtu mnene mwenye sauti ndogo. Costache alimchukua shemeji yake kazini baada ya kiwanda cha vioo kufungwa, na hapo katikati Lambe alikuwa amekaa nyumbani miaka miwili mizima. Miaka miwili alikaa jikoni akimtazama Veta anavyofunga kilemba na kwenda kusugua ngazi za watu, kisha akirudi anampikia. Wanaume waliopoteza kazi pamoja naye walikunywa. Yeye hakunywa, na pengine angekunywa ingekuwa nafuu. Sasa alikuwa na miaka hamsini na minane, na bado ziko asubuhi alizoamka moyo ukimwenda mbio, akidhani bado yuko kwenye kiti kile cha jikoni.

Kwa hiyo barua ya kiwanda cha Cerna ilipofika mwezi wa tisa, aliyekosa usingizi alikuwa yeye, wala si mwenye mali. Barua ilisema yadi ambayo haitakuwa imeuza magari arobaini kufikia siku ya mwisho ya Oktoba, saa kumi na moja jioni, itanyang'anywa bango na ruhusa ya kuuza Cerna. Costache aliisoma mara mbili, akaikunja, akasema bango likishuka yeye anafunga. Ana shamba, atapanda uyoga. Alisema hivyo bila uchungu, kwa kuwa alikuwa na pa kuangukia. Lambe hakuwa na pa kuangukia, wala wale vijana wawili wa ufundi waliokuwa wana wa binamu yake, wala Lăcrămioara, mpwa wa Veta, aliyekuwa akiingiza mauzo kwenye kompyuta na kulea mtoto peke yake. Nani angemwajiri muuzaji wa miaka hamsini na minane, aliyejua aina moja tu ya gari?

Ukoo ukajitoa mhanga. Lambe alikuwa tayari ana Cerna mbili kwa jina lake. Veta, asiyeweza hata baiskeli, akaandikishwa moja. Mama mkwe, bibi wa miaka themanini na sita, ambaye chombo cha mwisho kukiendesha kilikuwa mkokoteni wa punda, naye akapigishwa sahihi. Mjini wakasema aliyebaki bila gari katika ukoo ule ni mbwa, naye ameponea kwa kukosa kitambulisho. Kisha benki ikasema basi, jina la Tudose na la Grigoraș tusilione tena mezani. Wiki ya mwisho ya Oktoba ilipoanza, magari yaliyouzwa yalikuwa thelathini na saba.

Lambe akaanza kuwazungukia wanandoa wake. Aliwapigia simu walioko mjini na walioko Italia wakichuma zabibu. Kila mmoja alimpokea kwa mapenzi, akauliza hali ya mguu wa mama msimamizi, na ikifika habari ya gari akaanza kuhema. Mmoja alinunua kweli, Mungu ambariki, na mwingine akanunua kwa kulazimishwa na mama yake. Yakawa thelathini na tisa. Jumatano Lambe akaenda kijijini kwa Dorel, ndoa yake ya kumi na moja. Dorel alimwona tangu kilimani, akakimbilia ghalani. Walipoketi kula kabichi za kukunjia nyama na matango ya siki, Lambe aliweza kuona kupitia dirishani rundo la nyasi kavu lililotupwa upesi mlangoni mwa ghala, na chini ya rundo tairi jeusi, jipya, la gari la Kikorea. Dorel naye aliona kwamba Lambe ameona. Hakuna aliyelitaja. Mke wa Dorel aliendelea kumwongezea Lambe matango mpaka sahani ikajaa, na Lambe akayala yote, maana angeyaacha angelazimika kusema kitu.

Ijumaa, siku yenyewe, Costache alishuka kutoka ofisini kwake kwa mara ya kwanza wiki ile.

"Shemeji, sikulaumu," alisema. "Ila nauliza tu. Wale watu wako ishirini na sita wako wapi leo? Au karamuni ulikuwa ukisimamia sahani tu?"

Lambe aligeukia barabara. Alikuwa amenyoa vizuri, amevaa tai, na tangu asubuhi alikuwa hajaweza kumeza kitu. Moja tu. Miaka yote hii, na maisha yake yalikuwa yamefungwa kwenye gari moja la rangi yoyote. Alisimama kwenye kioo cha mbele akimtazama kila apitaye, na mtu akipunguza mwendo, hata kama ni kwa kufunga kamba ya kiatu, alishika kitasa cha mlango.

Saa tisa ikaingia Cerna ya zamani ya kubebea mizigo, ya Relu Bejan, fundi wa kufunga madirisha. Pembeni yake alikuwa mkewe Otilia, muuguzi wa hospitali ya wilaya. Hawa walikuwa ndoa ya ishirini na mbili, na binti yao Ilinca, wa miaka saba, Lambe ndiye aliyemtoa majini siku ya ubatizo. Kuwaona wamekuja wote wawili, saa ya kazi, Relu na shati safi! Lambe alikwenda kuwafungulia mlango mwenyewe. Machozi yalimlenga, na hakuona haya. Akawakalisha, akamwita Lăcrămioara alete kahawa, na akaanza kuuliza habari za Ilinca kwa sauti iliyokuwa kubwa mno.

Relu akazungusha kikombe bila kunywa.

"Baba msimamizi," alisema, "tumekuja ili usije ukayasikia kwa watu."

"Tunaachana," Otilia akamalizia. "Jumatatu tunakwenda kwa wakili. Tumeona tusiende kabla ya kuja kwako."

Walieleza kwa zamu, kwa adabu, kama watu wanaoeleza maumivu kwa daktari. Hakukuwa na mwanamke mwingine wala mwanamume mwingine. Relu anatoka kabla ya mapambazuko, anarudi usiku. Otilia ana zamu. Wakikutana mezani wanaongea habari za kuni na daftari za mtoto, kisha hata hizo zikaisha. Mwaka sasa. Otilia alisema nyumba imekuwa kimya mpaka anasikia jokofu, na Relu akatikisa kichwa kuwa ni kweli.

Sasa, dawa ya Lambe kwa ugonjwa huo ilijulikana mji mzima. Wanandoa wake wanne walikuwa wamewahi kumjia na neno hilohilo, na wote wanne aliwafanyia namna moja. Hakuhubiri. Aliwapakia kiti cha nyuma cha gari la majaribio, akafunga milango, akawapeleka kwa barabara ya milimani mpaka kwenye monasteri ya masista na kuwarudisha, mwendo wa saa tatu nzima, bila yeye kugeuza shingo wala kutia neno. Kufika daraja la kwanza huwa wanagombana. Kufika msituni huwa wanalia. Wawili wa mwisho walirudi wamenuna, lakini wamenuna pamoja, dhidi yake, na huo nao ni mwanzo. Wote wanne walikuwa bado wanaishi chini ya paa moja.

Otilia alikuwa amevaa koti zito na viatu vya kutembelea, siku ambayo jua lilikuwa linawaka. Lambe aliliona koti, akajua maana yake. Alimwona Relu anavyotupia jicho ubaoni zinapotundikwa funguo. Hawakuja kuagana. Walikuja kufungiwa milango.

Na saa ya ukutani ilisema tisa na dakika kumi na tano. Saa tatu za barabarani zingemrudisha kompyuta ya kiwanda ikiwa imekwisha kufungwa.

"Na hayo mengine tutayapanga," Otilia alikuwa akisema. "Gari linabaki kwa Relu, la kubebea vioo vyake. Sijui mimi nitampelekaje Ilinca shule na zamu zangu hizi, lakini ndiyo hivyo."

Alilisema hivi hivi, kati ya shida moja na nyingine. Lakini Lambe alikuwa mtu wa wiki nzima bila usingizi, na katika maneno yote yaliyosemwa mezani pale, sikio lake lilishika hilo moja. Alihisi damu inampanda usoni. Alijua la kufanya, mtu asije akasema hakujua. Mkono wake ulikuwa umekwisha kuinuka kwenda ubaoni. Kisha akakiona kile kiti cha jikoni. Akamwona Veta na miguu yake ile mibovu, ndoo mkononi, anapanda ngazi za watu. Akajiambia gari si talaka. Anunue leo, na Jumapili nitawapeleka milimani, nitawapatanisha, watakuwa na magari mawili, kuna ubaya gani? Wangapi wana mawili na wanapendana? Alijiambia haraka haraka, kama anayemsomesha mtu mwingine, na mtu huyo akakubali.

"Otilia, mwanangu," alisema, "unapenda rangi gani?"

Relu aliinua uso akamtazama. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu aliyemsemesha mwenzake akajibiwa habari nyingine kabisa, na anangoja aone kama kuna makosa. Lambe akawa anatafuta kalamu ambayo ilikuwa mfukoni kwake.

"Ya kijivu," Otilia akasema baada ya muda. "Nadhani."

Kutoka hapo mambo yalikwenda mbio. Benki alikuwako Rodica, wa ndoa ya kumi na tisa, na alipopigiwa simu aliacha wateja wote akasukuma karatasi za mkopo. Mshahara wa hospitali haukuwa na doa. Lăcrămioara aliandika upesi. Lambe aliongea bila kupumua: breki hizi, viti hivi, petroli kidogo, na buti, Otilia, buti lake hili unaweza kuingiza kitanda cha mtoto. Relu alikuwa ametoka nje, ameegemea gari lake, anatazama barabara.

Otilia alishika kalamu, akaisogeza mpaka kwenye mstari, akaisimamisha hapo.

"Baba msimamizi," alisema taratibu, "huna la kuniambia?"

Ilikuwa saa kumi na nusu. Lambe aliifungua midomo. Lilikuwako neno, lilikuwa pale, na halikuwa hata neno gumu. Nyuma ya kioo cha ofisi Costache alikuwa amesimama, na nyuma ya kompyuta Lăcrămioara alikuwa ameshika msalaba wake wa shingoni.

"Sahihi hapa," Lambe alisema, "na hapa chini."

Otilia akaweka.

Saa kumi na dakika hamsini gari la arobaini likaingia kwenye kompyuta ya kiwanda. Lăcrămioara alilia kwa sauti, vijana wa ufundi wakashangilia, na Costache akashuka ngazi na chupa ya pombe ya plamu, akambusu shemeji yake mashavu yote mawili na kumwita simba. Lambe alikunywa, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki sita alisikia njaa. Kupitia kioo aliyaona magari mawili yakitoka getini, la Relu mbele na la kijivu nyuma. La kwanza lilikata kushoto kwenda kwao. La pili likasimama kidogo getini, taa ya kukata kushoto ikiwaka, kisha ikazimwa, likakata kulia kwenda kwa mama yake Otilia.

Nyumbani alimwambia Veta kuwa Otilia amenunua gari kwa ajili ya zamu zake. Veta alifurahi, akasema yule mtoto anastahili. Jumamosi Lambe akaongeza kidogo: kwamba Otilia na Relu wana mgogoro mdogo, si kitu, lakini kesho baada ya ibada ingefaa kupita kwao. Veta akamtazama vizuri, kisha akaingia jikoni akaoka mkate mtamu wenye kokwa za jozi, maana kwa wanandoa wako huendi mikono mitupu. Lambe usiku ule alilala fofofo. Alikuwa na uhakika. Alikuwa amejaza tangi kabisa, na barabara ya monasteri alikuwa ameulizia, ilikuwa kavu.

Jumapili Relu aliwafungulia akiwa na soksi tu. Nyumba ilikuwa imefagiwa, na kwenye kochi palikuwa na mto na blanketi. Ndoano za koti za mlangoni zilikuwa tupu isipokuwa moja. Lambe alianza kwa uchangamfu, akasema haya, vaa viatu, mwite mwenzio, leo ni siku ya milimani, na nikisikia mtu anakataa nitamfunga kamba.

"Hayupo," Relu alisema. "Alihama jana. Yeye na Ilinca."

"Tutampitia kwa mama yake."

"Usimpitie."

"Relu, mwanangu, nisikilize..."

"Nilikuja kukusikiliza Ijumaa." Relu hakupandisha sauti. Aliongea akitazama mkate ulio mikononi mwa Veta. "Mimi ndiye niliyemwomba. Nilimwambia twende kwa baba msimamizi kwanza, atatufungia milango, utaona. Alicheka. Akavaa koti. Tulipofika pale kwenye taa za barabarani alinishika mkono, baba msimamizi. Mwaka mzima alikuwa hajanishika. Akaniambia, kama akitupeleka, basi nabaki. Na asipotupeleka ujue hata yeye ameona hakuna kitu." Akamwinulia Lambe macho. "Halafu ukamuuliza rangi."

Veta alikuwa hajaelewa, na sasa akaelewa. Uso wake ukalegea pole pole. Lambe alisema lilikuwa suala la siku mbili tu, kwamba gari ni gari, kwamba yeye alikusudia Jumapili, leo hii, tangi limejaa. Aliyasikia maneno yake mwenyewe na hakuweza kuyasimamisha.

"Buti ni kubwa kweli," Relu alisema. "Hukudanganya. Alihama kwa safari moja."

Veta alimgeukia mumewe. Miaka thelathini na minne alikuwa hajamwita kwa jina lake lote.

"Haralambie. Walikuja kwako wakayasema hayo mbele yako, nawe ukamuuzia?"

Angeweza kumwambia habari za kiti cha jikoni. Angeweza kumwambia habari za ndoo na za ngazi, kwamba alifanya kwa ajili ya miguu yake. 

"Ilikuwa imebaki moja tu, Veta," alisema.

Veta akamkabidhi Relu mkate, akamwambia aule ungali laini, akashuka ngazi akishikilia ukuta. Nje ya geti aliipita Cerna bila kugusa mlango wake, akafuata barabara ya kwenda nyumbani kwa miguu, pole pole, kilomita nne. Lambe alimfuata nyuma kwa gari, dirisha limefunguliwa, akimwomba apande.